Kumsikia mpinzani: mhadhara kwa vyama vya mdahalo vya shule, Mombasa

Walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanangu wa vyama vya mdahalo, hamjambo. Nimeombwa niseme juu ya kuzungumza mbele ya watu. Nitaanza na kusikiliza, maana huko ndiko timu zetu nyingi zinakopoteza.

Msemaji husimama na hotuba aliyoikariri neno kwa neno: "Mwenyekiti mwenye haki, mtunza saa mwenye makini, mahakimu watukufu, wapinzani wangu waliopotoka..." Dakika inakatika, hoja haijaguswa. Kisha anaimwaga hotuba hadi tamati, wala hajajibu hata moja katika yaliyosemwa na aliyemtangulia. Makofi atapigiwa, kwa sauti na madaha. Alama hapati.

Tazameni kanuni zenyewe. Katika mtindo wa Mashindano ya Dunia ya Midahalo ya Shule, yaliyoanza Australia mwaka 1988, kila upande una wasemaji 3, na kila mmoja ana dakika 8. Mwishoni kila upande hupewa dakika 4 za kuhitimisha. Dakika ya kwanza ikishapita, hadi ya saba, mpinzani anaweza kusimama akuulize swali katikati ya hotuba yako. Ni hiari yako kumpokea au kumkalisha. Kwa desturi maudhui yana alama 40, uwasilishaji 40, mkakati 20. Msemaji wa tatu kazi yake karibu yote ni kujibu. Huyo nani atamwandikia hotuba nyumbani?

Na sisi wa mji huu jambo hili si geni kwetu. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki takriban mwaka 1840, aliishi enzi za uhasama baina ya Mombasa na Lamu. Tungo zilivuka bahari kwenda na kurudi. Huku Muyaka, kule Lamu Zahidi Mngumi. Anayejibu shairi hana budi alifumbue kwanza. Akijibu lisilosemwa, wasikilizaji wanamjua papo hapo.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni hili. Wanafunzi wawili hukabiliana, mada ikiwa, tuseme, simu ziruhusiwe katika shule za bweni. Mmoja anatoa hoja moja tu. Mwenzake haruhusiwi kuipinga mpaka airudie kwa maneno yake, na mwenye hoja akiri, "Ndivyo nilivyosema."

Msichana mmoja alisema mwanafunzi akiugua usiku, simu itamwezesha kumwarifu mzazi. Mwenzake akarukia: "Unataka watu wakeshe TikTok!" Nikamwambia arudie. "Unataka wazazi waongee na watoto wao kila saa." Bado. Akanyamaza, akaangalia karatasi yake, kisha akasema: "Unasema habari ya ugonjwa wa usiku humfikia mzazi ikiwa imechelewa." Mwenzake akaitika, "Ndivyo." Hapo tena akauliza, pole pole: "Sasa simu moja kwa matroni haitoshi?" Darasa zima lilimgeukia. Hakuwa amepaza sauti hata kidogo, na siku hiyo sikusikia jibu lililolishinda lake.

Kuhusu woga sina mengi. Simama kwa miguu yote miwili, vuta pumzi kabla ya neno la kwanza, mtazame mtu wa safu ya nyuma. Ukiwa na jambo la kumjibu mwenzio, woga hupungua sana, kwa kuwa fikira zimetoka kwako zimehamia kwenye hoja.

Walimu, nawasihi: waacheni watoto wafanye mazoezi kwa Kiswahili hata kama shindano lenyewe ni la Kiingereza. Mtoto anayehangaika kutafuta msamiati hana nafasi ya kuona ufa katika hoja ya mwenzake. Tena msiwapange kila mara upande wanaoupenda.

Haya, sogezeni viti. Mada: Daraja lijengwe Likoni badala ya kutegemea feri. Walio upande wa madirisha wanaunga mkono. Walio upande wa mlango wanapinga, hata wewe unayevuka na feri kila asubuhi. Karatasi igaweni safu mbili: kushoto alichosema mpinzani, kulia jibu lako. Leo nitasahihisha safu ya kushoto tu.