Wiki ya 20, Mimba ya Tatu: Mama wa Amu, Msiiache Kliniki

Assalaam aleikum, watu wa Amu, yaani Lamu. Leo nazungumza na kina mama, na kina baba mkisikiliza pia ni vizuri. Nimefika wiki ya 20, alhamdulillahi. Kichefuchefu kimekwisha, chakula kinashuka, na mtoto anacheza. Huyu nilimsikia mapema kuliko wa kwanza, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa: aliyekwisha kuzaa huweza kumsikia mtoto tangu wiki ya 16, na mwenye mimba ya kwanza huenda akangoja hadi wiki ya 20 au zaidi.

Sasa nisikilize, wewe mwenye watoto nyumbani. Mimba ya kwanza kila mtu alikuuliza umekula nini, umelala vipi. Hii ya tatu unakumbuka una mimba pale mgongo unapouma. Huyu hataki kuvaa sare, yule kaficha daftari, magharibi wanagombania maji ya kuoga. Na kwa kuwa miezi hii ya katikati mwili huwa umepata nafuu, kliniki ndiyo inayosukumwa mbele. "Mbona niko sawa, nitakwenda mwezi ujao." Hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Ile presha inayoleta kifafa cha mimba kwa kawaida huanza baada ya wiki 20, na mwanzoni haiumi. Unaweza kupika, kufua, kucheka na wenzako barazani, na huku inapanda. Huijui mpaka upimwe presha na mkojo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilipandisha mahudhurio ya kliniki kutoka 4 hadi angalau 8, na wiki ya 20 ni mojawapo. Tena linashauri mama apigwe picha ya tumbo, ile ya ultrasound, kabla ya wiki 24.

Mimi hapa Birmingham, Uingereza, nimepigwa yangu wiki hii. Mpimaji alikaa sana kwenye moyo, akanionyesha vyumba vyake vinne kimoja kimoja. Ukaja uti wa mgongo, vipingili vimepangika kama tasbihi. Akatazama figo, mdomo, na kondo la nyuma limekaa wapi. Nilitoa machozi, jamani, na huyu ni wa tatu.

Najua kwenu si rahisi hivyo. Mama wa Kizingitini au Ndau akitaka picha Amu, ni boti, ni nauli, na boti hufuata maji kujaa na kupwa. Lakini nyinyi mna kitu ambacho mimi huku sina: watu. Kwetu Mkomani watoto wanacheza vichochoroni hakuna gari, na kila mlango una shangazi anayewatupia jicho. Basi siku ya kliniki waachie mashangazi hao watoto wako wakubwa, usione haya. Na wewe shangazi, usingoje kuombwa.

Wanangu nao wana yao. Mdogo ana miaka mitatu, anataka kubebwa kila tukifika kwenye ngazi. Simnyanyui tena kutoka chini. Nakaa, anapanda mwenyewe pajani, anashiba kukumbatiwa, kisha tunapanda mkono kwa mkono. Dada yake kila usiku anamsomea mtoto Alhamdu, mdomo karibu na tumbo. Nimemwambia masikio yake ndiyo yanaanza kusikia miezi hii, basi sasa anasoma kwa utaratibu, harukii aya.

Dawa za kuongeza damu meza kila siku, hata ukijiona una nguvu. Mbaazi na mchicha kula, kamulia ndimu. Chai ya rangi iache mpaka saa moja au mbili baada ya chakula, maana huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Na mama aliyezaa mara tano au zaidi, hatari ya kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ni kubwa kwako, basi panga mapema kuzalia hospitali.

Kichwa kikikuuma sana, macho yakiona kiwi, uso ukivimba ghafla, maumivu makali chini ya kifua, au damu ikitoka, usingoje kupambazuke. Amsha mtu, itafutwe boti usiku huo huo.

Salamu zangu Langoni, Shela na Matondoni. Na aliyewahi kumzoesha mtoto wa miaka mitatu kulala mbali na kifua cha mamake kabla mdogo hajafika, anieleze alifanyaje. Hilo bado linanishinda, na miezi inakwenda mbio.