Taine na Ndugu Wawili wa Rouen

Mabibi na mabwana, nimepewa dakika ishirini. Naona wanaonijua wameshaanza kucheka. Basi maisha ya Hippolyte Taine, mhakiki na mwanahistoria wa Ufaransa, nayapitia mbio: kazaliwa Vouziers, Ardennes, mwaka 1828, kaingia École Normale, chuo cha walimu cha Paris, mwaka 1848 akiwa wa kwanza, mwaka 1851 kaangushwa mtihani wa ualimu wa falsafa kwa sababu watahini hawakuyapenda mawazo yake. Aibu hiyo ni yao.

Nililolijia ni yale maneno yake matatu, ya utangulizi wa historia yake ya fasihi ya Kiingereza, iliyoanza kutoka 1863: asili, mazingira, wakati. Mpe hayo matatu, naye atakueleza mwandishi alivyopatikana. Msidhani mambo haya yalizikwa Ufaransa. Kila mwaka nasahihisha insha zinazosema, "Mwandishi huyu alizaliwa pwani, ndiyo maana anaandika juu ya bahari." Haya, na wale wote waliozaliwa pwani hiyohiyo wasioandika hata ubeti mmoja? Wao bahari haikuwaona?

Ndipo huwa nawaita akina Corneille, ndugu wawili Wafaransa. Waliokwisha kunisikia wanivumilie, maana hawa siwaachi. Pierre alizaliwa Rouen mwaka 1606; Thomas, mdogo wake, Rouen hiyohiyo, 1625. Baba mmoja, mama mmoja. Wote wawili walisomeshwa na Wajesuiti, wote wakasomea sheria, wote wakaishia kuandika tamthilia. Hata wake zao walikuwa ndugu, mtu na dada yake! Husimuliwa kwamba nyumba zao ziliungana, na Pierre akikwama kwenye kina cha ubeti hufungua kilango cha sakafuni na kumwitia mdogo wake: nipe neno! Thomas anampa. Kweli au chumvi, sijali; mie naipenda hadithi hiyo. Asili ndiyo hiyo, mazingira ndiyo hayo, kina wanagawana kama chumvi ya jirani. Mbona basi *Le Cid* ya Pierre, ya mwaka 1637, inachezwa mpaka leo, na *Timocrate* ya Thomas, iliyojaza ukumbi mwaka 1656 kuliko takriban tamthilia zote za karne ile, leo tunaijua wachache tunaolipwa kuijua?

Namwona bwana pale nyuma ameinua kidole. Najua: "Wakati! Wamepishana miaka kumi na tisa." Vizuri. Lakini mwaka 1656 Pierre yu hai na kalamu bado anayo. Alikuja kufa 1684, na mwaka uliofuata Thomas ndiye aliyekalia kiti chake katika Akademia ya Ufaransa, baraza la wateule wa lugha na fasihi. Kiti kilirithika. Kipaji je?

Wala si mimi wa kwanza kulisema hili. Sainte-Beuve, mhakiki mwenzake aliyemheshimu sana Taine, alimwambia mapema kwamba wavu wake umefumwa vizuri, ila kuna kitu kinachopenya matundu yake yote: kipaji cha mtu mwenyewe. Nami sikusema tuutupe wavu. Kabla ya Taine wahakiki wengi walikuwa wakipiga makofi tu au kuzomea. Yeye aliuliza kitu kimetokana na nini. Ndiyo maana aliandika kwamba uovu na wema ni mazao, kama vitrioli na sukari. Vitrioli ya buluu ndiyo mrututu wetu wa dukani. Askofu Dupanloup alikasirika, Akademia ikamnyima tuzo, na mwandishi Zola akaichukua sentensi hiyo akaipachika mwanzoni mwa riwaya yake *Thérèse Raquin*, toleo la 1868. Mwaka 1878 Akademia ileile ikamchagua Taine kuwa mwanachama. Cheka ukipenda.

Historia yake ya chimbuko la Ufaransa mpya nilitaka kuipa nusu saa, lakini mwenyekiti ananikodolea macho. Kwa kifupi: vita vya 1870 na Prussia, na Komuni ya Paris, yaani uasi wa jiji hilo wa 1871, vilimtia hofu, majuzuu yakaanza kutoka 1875, naye akafa 1893 hajamaliza. Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 ameyachora kama genge la wenda wazimu, na mwanahistoria Aulard baadaye alimkagua nyaraka moja baada ya nyingine, hakumhurumia. Hapo sasa, kwa Taine mwenyewe, lile neno "wakati" linafanya kazi barabara!

Kile kitabu chake juu ya akili, cha 1870, mtanisamehe, muda umekwisha. Maswali? Bwana wa nyuma, wewe lako nimeshalijibu.