Zabibu za mlima wa moto: Nawapeleka Etna leo

Habari zenu watu wangu, shikamooni wazazi mnaotuangalia kutoka Dodoma, Moshi, Mombasa, Bukavu na kote mliko. Leo niko kaskazini mwa mlima Etna, hapa Sisilia, kati ya Randazzo na Castiglione, na huo moshi mnaouona nyuma yangu sio wingu, hiyo ni volkano hai kabisa, urefu wake unapita mita 3,300, na watu wanalima zabibu mgongoni mwake mpaka karibu mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na wengine wanapanda juu zaidi ya hapo.

Mmekuwa mnaniuliza waini ya Italia ina nini mpaka dunia nzima inaitafuta. Mi nawaambia tuanzie hapa shambani, tusianzie kwenye chupa. Oneni hii zabibu nyeusi, inaitwa Nerello Mascalese, ni ya hapa hapa Etna. Sasa hivi ni Oktoba, huko chini kwenye joto walianza kuvuna tangu Agosti, ila huku juu mchana jua linawaka usiku baridi inakung'ata, basi zabibu inaiva polepole sana na ule uchachu wake haupotei. Na waini yake kwa asili ina rangi nyepesi, ukiiona unadhani haina nguvu, subiri uonje, inakaza ulimi aisee! Halafu upande wa mashariki kule Milo, kunakoangalia bahari na mvua ni nyingi, wana zabibu nyeupe inaitwa Carricante, na sheria inasema Etna Bianco Superiore, waini nyeupe ya daraja la juu ya hapa, lazima itoke Milo tu. Mlima ni mmoja ila ukizunguka upande wa pili ladha imebadilika.

Hii ardhi sasa, nishike mkononi muone, nyeusi, ni mchanga wa majivu na mawe ya lava. Zamani, karne ya 19, kulitokea mdudu anaitwa filoksera, alitoka Amerika akala mizizi ya mizabibu karibu Ulaya nzima, mpaka leo mizabibu mingi ya Ulaya imeunganishwa kwenye mizizi ya Kiamerika ili asiimalize. Lakini kwenye mchanga kama huu yule mdudu hatembei vizuri, kwa hiyo huku Etna kuna mizabibu imepita miaka 100 bado imesimama kwa mizizi yake yenyewe na bado inazaa. Ila mlima huohuo unaokulinda ndo unaokuunguza, mwaka 1981 lava ilishuka karibu na Randazzo ikafunika mashamba, ikakata barabara na reli.

Sasa watu, na hapa ndo moyo wangu ulipo. Mtindo huu wa kukuza mzabibu unaitwa alberello, kila mmoja umesimama peke yake na kijiti cha mti pembeni, trekta haipiti humu, jembe ni la mkono, sehemu nyingine wanatumia nyumbu. Hizi kuta za mawe zinazoshika udongo usishuke zilipangwa na mikono ya watu, bila saruji, jiwe juu ya jiwe, na kila mwaka kuna sehemu inabomoka wanapanga tena. Kazi ilikuwa ngumu kiasi kwamba karne iliyopita watu wengi waliondoka, mashamba yakaota msitu. Walioirudisha Etna ni watu kama familia ya Benanti, watengeneza waini wa hapa, na fundi wao wa waini Salvo Foti, kuanzia mwisho wa miaka ya 80, wakati sehemu kubwa ya Sisilia ilikuwa inakimbilia kupanda zabibu za Kifaransa, wao wakarudi kwa Nerello na Carricante, halafu miaka ya 2000 wakaja watengeneza waini wageni kama Frank Cornelissen kutoka Ubelgiji. Sheria nayo inabana, Etna Rosso, yaani waini nyekundu ya hapa, lazima angalau asilimia 80 iwe Nerello Mascalese, imeandikwa hivyo kwenye kanuni za DOC, nembo ya Italia inayolinda jina la waini na eneo inakotoka, ambayo kwa Etna ilianza 1968.

Ndugu zangu wa Dodoma, nyie mlioletewa mizabibu na wamisionari wa Kitaliano, nawaomba muiangalie hii kwa makini. Nyie mnavuna mara mbili kwa mwaka, hawa hawana hiyo bahati. Ila hapa kila kipande cha mlima, wanaita contrada, viko zaidi ya 130, kinaruhusiwa kuandikwa jina kwenye chupa, na mkulima anajulikana shamba lake. Kwetu wakulima wengi wanauza mchuzi wa zabibu, yaani juisi iliyokamuliwa, kwa jumla, unaingia tanki moja na wa wenzao, jina la shamba mara nyingi halifiki mezani, na hilo linaniuma kweli.

Na nyie mnaoniuliza kazi za kuvuna. Zipo, na mashambani mtakutana na Waafrika wenzetu wengi, lakini kuna madalali wa vibarua, wanaitwa caporali, wanakata hela ya mtu. Italia ina sheria namba 199 ya 2016, inamwadhibu dalali pamoja na mwenye shamba anayenyonya watu. Kwa hiyo kabla hujashika mkasi dai mkataba wa maandishi, na ukiona wanazungusha maneno nenda chama cha wafanyakazi, wapo kwenye miji mingi, wanasikiliza.