Hamira Ndiyo Inayonukiza

Asalaam aleikum, wazee wangu, mabibi na mabwana. Kuzungumzia divai hapa Malindi, tena adhuhuri haijaadhiniwa, si jambo jepesi. Niwatoe shaka basi: simpigii mtu debe anywe. Mada yangu ni hamira, ile ile mnayoitia kwenye unga wa mahamri.

Hamira hiyo, Saccharomyces cerevisiae kwa jina la kitaalamu, ndiyo hugeuza maji ya zabibu yakawa divai, na hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya tembo la mnazi kule Kaloleni. Inakula sukari, inatoa hewa na kileo. Hilo mnalijua. Wasilolijua wengi ni kwamba inatoa harufu pia, na harufu ndiyo fedha.

Chukueni zabibu za Sauvignon Blanc. Divai yake inasifika kwa kunukia karakara, lakini ukiyanusa maji ya zabibu zenyewe hupati kitu kama hicho. Harufu imo, ila imefungwa kwenye sisteini, moja ya asidi amino, yaani matofali ya protini, na ikifungwa hairuki ikafika puani. Hamira ndiyo huifungua, kwa kimeng'enya, protini inayoharakisha kazi za kikemikali, kitokanacho na jeni iitwayo IRC7. Balaa ni kwamba hamira nyingi za divai zina IRC7 yenye pengo la herufi 38 za DNA, ile lugha jeni zilivyoandikwa, basi harufu tele hubaki kifungoni. Watafiti wa Australia wakachukua jeni ya bakteria E. coli yenye kazi kama hiyo, wakaitia kwenye hamira. Divai ikanukia, tena ikapitiliza.

Kupitiliza huko ndiko kunakonitia wasiwasi. Mwaka 2000, watafiti wa Stellenbosch, Afrika Kusini, waliitia nguvu jeni nyingine, ATF1, inayotengeneza esta, kemikali zenye harufu ya matunda au maua. Esta mojawapo ni ile harufu ya ndizi mnayoijua kwenye peremende. Ilipanda hadi mara 12. Lakini ATF1 haichagui. Esta nyingine ikapanda nayo, hadi mara 10, na hiyo, dada zangu mnaopaka rangi za kucha, ndiyo ile ya dawa ya kuitolea rangi. Nani atainunua chupa hiyo?

Na hamira yenyewe inafaidi nini? Mwaka 2014 watafiti wa Ubelgiji waliiondoa ATF1, na vinzi vya matunda vikapunguza hamu nayo. Kumbe hamira, isiyo na mguu wala bawa, hunukia ili ije ibebwe. Mkiona vinzi vimezingira kibuyu cha mgema, jueni vimealikwa.

Sokoni, hamira za uhandisi wa jeni ni adimu. Marekani ilikubali moja, ML01, mwaka 2003, na hiyo ni ya kulainisha ukali wa asidi, haihusiki na harufu. Wanywaji wa divai wanataka chupa yenye habari za mababu, wala si za maabara. Hapa kwetu, Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 inadai kibali kwanza, na nadhani ni sawa.

Ningekuwa mimi, ningeanza na kupandanisha. Zipo hamira zenye IRC7 nzima. Unazipandanisha na za divai, unachambua watoto, unarudia. Ni kazi ya kuchosha na haimpi mtu kichwa cha habari, lakini jeni ya bakteria haiingii popote.

Haya, mikono naiona. Tuanze na bibi yule wa nyuma.