Hatua Moja Nyuma: Kwa Wanaoingia Mashindano ya Vitara ya Maveterani

Ndugu zangu, habari za jioni, na asanteni kwa kunialika kuzungumzia vitara, mchezo wetu wa kupigana kwa panga, na mashindano yake ya maveterani, yaani wachezaji wa miaka 40 na zaidi.

Nianze na kifundo cha mkono wangu wa kulia. Shindano langu la kwanza la maveterani lilikuwa dogo, la watu wa eneo moja wanaojuana kwa majina. Washiriki tulikuwa wachache, kwa hiyo tulichanganywa wanaume kwa wanawake, na rika zote kuanzia miaka 40. Pambano la pili nikapangiwa mzee aliyekwisha kupita 70. Nilimtazama akipanda ulingoni polepole, nikasema moyoni: huyu nitammaliza kwa miguu. Nikamrukia. Ncha ya upanga wake ikanipata kwenye kifundo. Nikamrukia tena, kifundo kilekile. Ilipofika 5 kwa 1 tukapeana mikono, nikavua kinyago, nikamwona anapumua kwa utulivu kama mtu aliyekuwa ameketi.

Baadaye nilimfuata nikamwomba anifundishe alichofanya. Alinisimamisha mbele yake, akanyoosha mkono wenye upanga, akanionyesha kwamba muda wote alikuwa mahali ambapo mimi simfikii bila kuruka, na kila nilipotaka kuruka mkono wangu ulitangulia kuja kwake. Basi. Umri huchukua kasi ya miguu na wepesi wa macho kuuamuru mkono. Urefu wa mkono hauuchukui, wala akili ya kupima masafa. Hiyo akili, kwa maoni yangu, ndiyo mchezo wa maveterani wenyewe.

Ninazungumzia epe, silaha ninayoicheza. Ndiyo nzito kuliko zote tatu, inaruhusiwa kufika gramu 770, na mwili mzima ni shabaha, kuanzia kidole cha mguu hadi kinyago. Kwenye foili unalenga kiwiliwili tu. Kwenye sabre ni kuanzia kiunoni kwenda juu, na makali ya upanga nayo yanahesabiwa. Foili na sabre zina kanuni ya haki ya kushambulia: wawili wakigusana, mwamuzi anaamua nani alikuwa na haki. Epe haina hilo. Taa mbili za kuonyesha miguso zikiwaka pamoja, ndani ya takriban sehemu moja ya 25 ya sekunde, kila mmoja anapata pointi yake.

Hapo naomba mtege sikio, maana wengi hupoteza mapambano kwa kutolitafakari. Unaongoza 3 kwa 1. Mguso wa pamoja unakupeleka 4 kwa 2, mwingine unakupa pambano. Anayeongoza hana sababu ya kukimbilia kitu. Aliye nyuma ndiye anayelazimika kuja. Na anayekuja huleta mkono wake. Kwa hiyo mguso wa kwanza ni mali. Utafute kwa uvumilivu, halafu rudi nyuma hatua moja ukangoje. Ila mkifika 4 kwa 4, mguso wa pamoja hauhesabiwi. Mnaendelea mpaka mmoja amguse mwenzake peke yake.

Siku yenyewe inakwendaje? Tuseme kundi lenu lina watu saba. Hayo ni mapambano 21, na wewe unacheza sita tu, kila moja la miguso 5 au dakika tatu. Mapambano 15 umekaa. Ndugu zangu, mwili wa miaka 55 unapoa upesi kuliko mnavyodhani, na kano ya kisigino iliyopoa, ukiitaka irushe hatua ndefu ghafla, inaweza kukatika. Nimewaona watu wakibebwa ulingoni kwa ajili hiyo, na inauma kuona mtu aliyejiandaa mwaka mzima akiondoka hivyo. Vaeni kitu cha joto kati ya mapambano. Tembeeni. Na mkitembea, tazameni: nani anarudi nyuma kwa mstari ulionyooka, nani anaacha kiwiko wazi, nani anachoka akipata mguso wa tatu.

Hata mkishindwa, msilegee. Baada ya makundi, watu hupangwa kwa uwiano wa ushindi, na wanaolingana hutenganishwa kwa miguso uliyotoa ukiondoa uliyopokea. Kufungwa 5 kwa 4 na kufungwa 5 kwa 0 ni vitu viwili mbali kabisa. Kisha unakuja mchujo. Vijana huenda hadi 15. Sisi huenda 10, kwa vipindi viwili vya dakika tatu na dakika moja ya kupumzika katikati.

Suala la vifaa nitalisema kwa uzito. Wapo kati yenu waliocheza ujanani, na kinyago cha zamani bado kipo kabatini. Kiacheni hukohuko. Mwaka 1982, kwenye mashindano ya dunia mjini Rome, upanga wa mpinzani wa Vladimir Smirnov, bingwa wa foili wa Umoja wa Kisovieti, ulivunjika, kipande kikapenya kinyago chake, naye akafariki siku chache baadaye. Vyuma vya panga, vitambaa vya mavazi na nyavu za vinyago viliimarishwa baada ya msiba ule. Leo mavazi ya kiwango cha kimataifa hustahimili msukumo wa nyutoni 800, nyutoni ikiwa ni kipimo cha nguvu. Wavu uliokula kutu haujui kwamba umerudi kucheza kwa furaha tu.

Na msikubali kuambiwa kwamba haya ni mazoezi ya wastaafu. Aladár Gerevich wa Hungaria alishinda dhahabu ya timu ya sabre mwaka 1932, akaishinda tena katika kila Olimpiki iliyofuata hadi 1960, alipokuwa na miaka 50. Ivan Osiier wa Denmark alicheza Olimpiki ya 1908, na akacheza ya 1948 akiwa na miaka 59. Miaka arobaini! Miguu ya 1948 haikuwa ile ya 1908.

Sasa tusogeze viti. Simameni wawili wawili, mtazamane, bila silaha. Mmoja anyooshe mkono hadi vidole viguse bega la mwenzake. Hayo ni masafa ya kwanza. Rudi nyuma hadi uweze kumgusa kwa hatua ndefu moja tu. Hayo ni ya pili. Ongeza hatua nyingine nyuma, hayo ni ya tatu, na hapo ndipo nataka mkae. Mama hapo mbele, wewe utaongoza: sogea mbele au nyuma upendavyo. Baba, kazi yako ni moja, masafa yasibadilike. Dakika tatu. Anzeni.