Pudini ya Gillray na kimo cha Napoleon

ZUHURA: Karibuni tena. Baraka, hebu yatoe ya kamati, maana usiku kucha ulikuwa unanitumia meseji.

BARAKA: Dada, wiki hii nimeona makubwa! Kamati ya harusi ya binamu yangu. Mtu kamchora mweka hazina, tumbo limefika mezani kabla yake, anakata keki kwa panga na pande kubwa analivutia kwake. Katuni ikatupwa kwenye grupu la WhatsApp. Watu wamecheka, kisha wakanuniana. Mpaka leo kikao hakijakaa.

ZUHURA: Nilipoiona nikamkumbuka James Gillray, mchora katuni wa Uingereza, palepale. Katuni yake ya London, Februari 1805: Waziri Mkuu wa Uingereza Pitt na Napoleon wa Ufaransa wamekaa mezani, dunia ni pudini inayofuka moshi. Napoleon anajikatia Ulaya kwa upanga, Pitt anajimegea bahari. Tazama uma: wa Pitt una meno matatu kama mkuki wa mungu wa bahari, wa Napoleon umechomwa Hanover, nchi ya mfalme wa Uingereza mwenyewe. Basi leo nina mambo matatu. La kwanza...

BARAKA: Subiri. Pale Napoleon kachorwa mfupi hata kiti hakimtoshi, anainuka ndiyo aifikie sahani. Alikuwa mfupi kweli?

ZUHURA: Hapana. Kama sentimita 168, kimo cha kawaida kabisa kwa Mfaransa wa enzi zake.

BARAKA: Sasa ufupi umetoka wapi?

ZUHURA: Inchi ya Ufaransa ilikuwa ndefu kuliko ya Uingereza. Waliposikia futi 5 na inchi 2, Waingereza wakapima kwa rula yao. Na Gillray alishaanza kumchora kama mtoto mwenye hasira, anapiga mateke fanicha. La kwanza...

BARAKA: Yaani miaka 200 dunia nzima inamwita mfupi kwa sababu ya mchoro! Mimi sentimita 168 ningeingia timu ya mtaa bila swali.

ZUHURA: Baraka, tumeshakula nusu ya kipindi na rula.

BARAKA: Haya, nikuulize la maana. Kuanzia 1797 huyo Gillray alikuwa analipwa na serikali kwa siri, pauni 200 kwa mwaka. Huyo ni mtu aliyenunuliwa.

ZUHURA: Alikuwa fundi anayetaka kula. Unajua kazi yenyewe? Bamba la shaba linapakwa nta, anachora kwa sindano, tindikali inakula mistari. Kila kitu kinyumenyume, hata maandishi! Halafu nakala zinapakwa rangi kwa mkono, moja moja. Na huyo Pitt, Gillray alishamchora kama uyoga uliomea juu ya taji, 1791.

BARAKA: Kabla ya malipo. Ile pudini ni baada ya malipo kukoma, 1801. Hapo katikati kalamu ilikuwa na mwenyewe.

ZUHURA: Hapo katikati aliwapiga wapinzani wa serikali kwa sababu aliyaogopa kweli mapinduzi ya Ufaransa. Hofu hiyo hakupewa na mtu.

BARAKA: Kama ni imani yake, kwa nini malipo yawe siri?

ZUHURA: Mwisho wake aliugua akili, Hannah Humphrey, mwenye duka la michoro, akamtunza ghorofani kwake St James's Street hadi alipofariki 1815. Nionyeshe utajiri wa aliyenunuliwa.

BARAKA: Namhurumia kwa dhati. Ila huruma haifuti risiti.

ZUHURA: Sikubali.

BARAKA: Na mimi sikubali.

ZUHURA: Fundi mitambo ananionyesha saa. Yale matatu yangu, hata la kwanza halijatoka.

BARAKA: Na hatujamgusa George Cruikshank, mchora katuni mwingine, aliyepokea pauni 100 mwaka 1820 akiahidi kutomchora mfalme katika aibu zake.

ZUHURA: Akapokea, na akaendelea kumchora! Huyo tumtengee kipindi chake. Kwaherini, tukutane Alhamisi.