Kabla Hujanunua Gitaa Jingine, Liseti Hili Ulilonalo

Karibu mtazamaji. Hapa mezani nina magitaa mawili. Hili la kulia ni la kwaya ya kanisa moja mtaani kwetu. Lina jina kubwa kichwani, na lilinunuliwa kwa michango ya waumini. Hili la kushoto ni la mtumba, plaiwudi tupu, na rangi imebanduka ukingoni. Nitayapiga yote mawili, kodi ileile, yaani nyuzi zilezile zikilia pamoja, mkono uleule. Sikiliza.

Umesikia? Lililokwaruza, lenye ile sauti ya inzi aliyenaswa ndani ya chupa, ni la kwaya. Vijana wanne wamejaribu kujifunzia hapo wakaacha, na kila mmoja aliondoka akiamini kwamba vidole vyake havikuumbwa kwa gitaa. Jambo hilo linaniuma sana, kwa sababu vidole vyao vilikuwa salama kabisa. Gitaa lenyewe halikuwahi kusetiwa, yaani kupimwa na kurekebishwa, tangu litolewe kwenye boksi. Leo tunaliseti, na wewe fuatana nami ukiwa na lako mkononi.

Vifaa ni hivi: aleni, ule ufunguo wa pembe sita unaoingia kwenye shingo ya gitaa lako, bisibisi ndogo, msasa laini, penseli, kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni, programu ya simu ya kutyunia, yaani ya kuweka kila uzi kwenye sauti yake, karatasi chache za fotokopi, na kadi nne za benki. Usishangae kadi. Karatasi moja ya fotokopi ina unene wa takriban milimita 0.1, na kadi ya benki ina milimita 0.76. Hizo ndizo geji zetu za leo. Ila tumia sehemu ya kadi isiyo na namba zilizochomoza.

Kabla hujafungua chochote, angalia gitaa lako ni la aina gani. Gitaa la klasiki, lenye shingo pana na nyuzi za nailoni, usilitie nyuzi za chuma hata kama ndizo pekee zilizopo dukani. Seti nyepesi ya nyuzi za chuma huvuta kwa zaidi ya kilo 60, na gitaa la klasiki halikujengwa kwa mzigo huo. Daraja, kile kipande cha mwilini zinapofungwa nyuzi, litang'oka, tumbo litavimba, shingo itapinda, na mengi ya magitaa hayo hayana chuma ndani ya shingo cha kuirudisha. Nimeletewa mengi yaliyokufa kwa namna hii, na karibu yote yalikuwa mapya.

Haya, hatua ya kwanza ni nyuzi mpya. Nyuzi zenye kutu hudanganya kila kipimo tutakachochukua. Badilisha mmojammoja ili shingo isilegee ghafla. Kwenye kigingi, kile cha kichwani unachozungusha kukaza uzi, uzi uzunguke mara mbili au tatu ukishuka chini, bila kujipanda. Ukimaliza, tyuni, kisha shika kila uzi katikati, uvute juu taratibu, utyuni tena. Rudia mpaka uache kushuka. Watu wengi wanaolalamika kwamba gitaa lao halikai kwenye sauti hawajawahi kufanya hivi.

Hatua ya pili ni shingo. Ndani yake kuna chuma kirefu, na nati yake utaipata kichwani chini ya kifuniko kidogo, au ndani ya tundu la gitaa. Shingo haitakiwi kunyooka kama rula, maana uzi ukilia unatanuka katikati, nao unahitaji nafasi. Ili kupima, funga kapo kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, vinahesabiwa kuanzia kichwani), kisha bonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ile ambapo shingo inaungana na mwili. Sasa uzi wenyewe umekuwa rula yako. Tazama freti ya saba: je, kuna nafasi kati ya uzi na chuma? Karatasi mbili zikipita bila kuusukuma uzi, hapo panatosha. Hili la kwaya, tazama, linapitisha karatasi nane. Shingo imepinda kama upinde wa mshale.

Ingiza aleni. Ukiwa unaitazama nati uso kwa uso, kuzungusha kwa mwelekeo wa mishale ya saa kunakaza na kuinyoosha shingo. Kinyume chake kunailegeza. Robo mzunguko tu, basi. Tyuni tena, pima tena. Nati ikigoma, acha, mpelekee fundi. Chuma hiki kikikatikia ndani, matengenezo yake yanaweza kuzidi bei ya gitaa. Mimi hapa nimezungusha robo mara tatu, nikisubiri dakika kadhaa kila mara, na sasa zinapita karatasi mbili.

Hatua ya tatu ndiyo ninayotaka tukae nayo, kwa kuwa hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokata tamaa. Tazama kile kipande cheupe kwenye mpaka wa shingo na kichwa, chenye vijia sita vya nyuzi. Mimi nakiita mfupa wa juu, hata kama kwenye gitaa lako ni plastiki. Kiwandani, hasa kwenye magitaa ya bei ya chini, vijia hivi huachwa bila kukatwa hadi kina chake, kwa sababu kukikata kile kina sawasawa kunataka mtu, na mtu analipwa kwa muda. Matokeo yake, uzi unakaa juu mno kwenye freti ya kwanza. Kodi ya F, ambayo kidole kimoja kinabana nyuzi zote sita pale freti ya kwanza, inakuwa mateso. Na kibaya zaidi, ukiubonyeza uzi ulio juu unauvuta, kwa hiyo sauti inapanda. Umetyuni vizuri, kisha unashika C na inasikika vibaya, unadhani sikio lako ndilo lenye kasoro.

Kipimo chake ni rahisi. Bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, kisha tazama juu ya freti ya kwanza. Inatakiwa ibaki nafasi ndogo sana: chini ya karatasi moja kwa nyuzi nyembamba, karatasi moja na kidogo kwa zile nene. Gonga uzi kwa kidole juu ya freti hiyo. Ukisikia mlio mdogo wa chuma kugusana, nafasi ipo. Ikiwa karatasi tatu zinapita, kijia kinahitaji kushushwa.

Mafundi wana tupa maalumu za kazi hii, kila unene wa uzi na tupa yake. Kwa anayejaribu nyumbani, kuna vile visindano vyenye meno ambavyo mafundi wa kulehemu kwa gesi husafishia nozeli. Vinauzwa kama seti kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Chagua kisindano chenye unene wa uzi wako au kilichozidi kidogo. Legeza uzi, uweke kando, sugua mara tatu nne huku ukiinamisha kisindano kuelekea kichwani, rudisha uzi, tyuni, pima. Tena na tena. Usiwe na haraka. Ukizidisha kina, uzi ukiwa mtupu utagusa freti ya kwanza na kukwaruza. Ikitokea, jaza kijia kwa unga kidogo wa bekingi soda, dondosha tone la supagluu, subiri kikauke, uanze upya.

Ukimaliza, sugua ncha ya penseli ndani ya kila kijia. Ule unga mweusi unalainisha njia. Kama ulikuwa unasikia mlio wa "ting" unapotyuni, uzi ukiruka ghafla badala ya kupanda polepole, huo ulikuwa umekwama hapa.

Hatua ya nne, kimo cha nyuzi. Sogea freti ya 12 na upime kutoka juu ya chuma hadi chini ya uzi. Kwa gitaa kavu, lisilotumia umeme, uzi wa sita upitishe kadi tatu, na uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, kadi mbili na karatasi nne. Gitaa la umeme linaweza kushuka zaidi: kadi mbili kwa uzi wa kwanza, na kadi mbili na karatasi tatu kwa wa sita. Kwenye la umeme ni kazi ya skrubu tu pale darajani. Kwenye gitaa kavu tunachomoa mfupa wa chini, kile kipande cheupe cha darajani kinachobeba nyuzi, na kuupunguza kwa msasa upande wa kitako, kamwe si juu.

Hili la kwaya, uzi wa sita unapitisha kadi nne. Nataka tatu, yaani nishushe milimita 0.76. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo mfupa unapunguzwa mara mbili ya kiasi hicho, kama milimita 1.5. Chora mstari kwa penseli, bandika msasa juu ya kioo kilicholala sawasawa, sugua mfupa ukiwa umesimama wima. Fika nusu, urudishe, upime. Ukikosea ukaula mno, mfupa mwingine hauuzwi ghali.

Ngoja nizirudishe nyuzi, na wakati huo tuseme hili la bei.

Wazee wengi hapa Tanzania gitaa kavu waliliita galatoni. Jina hilo linatokana na Gallotone, magitaa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ya bei nafuu. Gallotone ndilo gitaa la kwanza la John Lennon, mwanamuziki wa kundi la Beatles, na ndilo alilokuwa nalo Julai 6, 1957, kwenye tamasha la kanisa huko Woolton, Liverpool, siku aliyokutana na Paul McCartney, mwenzake wa baadaye katika kundi hilo. Tena alikuwa akipiga kodi za banjo alizofundishwa na mama yake.

Na mbao? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio lao. Fundi alijenga magitaa sita yanayofanana, tofauti ikiwa mbao za mgongo na ubavu tu, kuanzia mbao za kawaida hadi zile adimu za jamii ya Dalbergia, ukoo mmoja na mpingo wetu wa Kilwa. Wapigaji 52 walijaribu bila kuona walichoshika. Hawakuweza kuyatofautisha kwa uhakika, na alama walizoyapa zilikaribiana.

Lakini nisikudanganye kwamba pesa hainunui kitu. Kifua cha gitaa, ule ubao wa mbele, ni jambo jingine, na hakikubadilishwa katika jaribio lile. Hili la kwaya kifua chake ni ubao mzima, na baada ya kulirekebisha utasikia linavyojaa chumbani kuliko plaiwudi. Vigingi vyake havichezi. Freti zake ziko sawa zote. Hivyo ndivyo vitu vya kuvilipia. Ukienda kununua, hata la bei ndogo, funga jicho moja utazame shingo kutoka kichwani kama unayelenga shabaha: ikiwa imejiviringa kama kamba, liache. Kisha piga kila freti ya kila uzi. Shingo isiyojiviringa na freti zilizo sawa, mengine yote tunaweza kuyarekebisha mezani hapa.

Hatua ya mwisho ni kuhakiki sauti shingoni kote. Gusa uzi kidogo juu kabisa ya freti ya 12, uuachie ulie kama kengele, kisha ubonyeze hapohapo. Programu ya simu isome sauti ileile mara zote mbili. Iliyobonyezwa ikiwa juu, kwenye gitaa la umeme sogeza kitako cha uzi huo, kile kipande cha darajani unapokaa, nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Kwenye gitaa kavu huna skrubu, lakini ukirekebisha kimo na mfupa wa juu, tatizo hili mara nyingi hupungua lenyewe.

Sasa sikiliza F kwenye gitaa la kwaya. Kidole kimoja, nyuzi sita, zote zinalia.

Lifunike usiku huu, ukiwa umelityuni, mbali na dirisha. Mbao hunywa unyevu hapa Dar es Salaam na hukauka ukilipeleka Dodoma, na shingo inachukua muda kutulia baada ya kuguswa. Kesho asubuhi tyuni tena, funga kapo, urudi na zile karatasi mbili kwenye freti ya saba.